Meninjioma haijageuka kansa, imeingiliwa

Wiki hii tena. Daktari mwenzangu kanipigia, ripoti yangu ya uvimbe niliousoma kwa hadubini anayo mkononi, eti "kwa hiyo meninjioma yake imegeuka kansa?" Hapana bwana, haijageuka chochote!

Meninjioma inaota kwenye utando wa ubongo, nyingi si kansa, zinakua polepole miaka na miaka. Sasa mtu huyohuyo akiwa na kansa ya titi au mapafu (hao ndo wageni wa mara kwa mara), seli za kansa hiyo zinasafiri na damu, zinaingia ndani ya ule uvimbe na kuzaliana humohumo. Kansa ni mgeni, na mwenyeji, yaani meninjioma, ni yuleyule. Sikatai, meninjioma yenyewe inaweza kupanda gredi (kiwango cha ukali) ikawa kali, ila hapo bado ni meninjioma, na matibabu yake siyo ya titi.

Ukiweka slaidi ya uvimbe ulioingiliwa chini ya hadubini unaona mambo mawili: seli za meninjioma zimejiviringisha kama maganda ya kitunguu, halafu katikati, ghafla, kisiwa cha seli kubwa zenye viini vyeusi, zinagawanyika ovyo, hazifanani kabisa na majirani.

Na hapa ndo wengi wananikera: kugusana siyo kuingia. Vivimbe viwili vikikua kila kimoja kwake mpaka vikakutana, hivyo vimegongana tu. Mi nataka nione mgeni kazungukwa na mwenyeji, hata kama ni upande mmoja, na kansa ya kwanza iwepo kweli na ifanane naye. Halafu msiniletee rangi ya progesteroni (inayoonyesha vipokezi vya homoni hiyo kwenye seli) peke yake kama ushahidi, meninjioma nyingi zinashika rangi hiyo na kansa nyingi za titi zinashika vilevile, utathibitisha nini? Rangi za protini zinazoelekeza kansa ilikotoka, GATA3 kwa titi, TTF-1 kwa mapafu, hapo tunaongea. Tena kuna meninjioma za kutoa ute zinazoshika rangi za keratini na CEA (protini tunazozitafuta kwenye kansa) utadhani kansa, zishanitoa jasho hizo.

Kwa nini hao wageni wavamie humo? Wanasema damu nyingi, homoni, uvimbe unakaa muda mrefu. Sawa, lakini meninjioma zenye damu nyingi ni kibao na zinazovamiwa ni chache mno, kwa hiyo mi bado sijaridhika.

Kinachoninyima usingizi ni meninjioma nilizozipitisha bila kuona mgeni. Meninjioma ikionekana ya kawaida nakata vipande vichache, kinachobaki kinakaa kwenye kopo la fomalini (dawa ya kuhifadhi), na kisiwa cha milimita mbili kinaweza kuwa humo humo. MRI nayo, picha ya ubongo, mara nyingi haitofautishi. Ndo maana naomba mwandike kwenye fomu kama mgonjwa aliwahi kuwa na kansa, nikate zaidi. Ya juzi ilisema "uvimbe kichwani". Basi.