Maslahi ya taifa katika sera za Umoja wa Ulaya: maana na utendaji wake

Taarifa ya habari inaposema kwamba "Umoja wa Ulaya umeamua", msikilizaji hujengewa picha ya mamlaka moja yenye nia moja, inayoketi Brussels na kutoa amri. Picha hiyo inapotosha. Umoja huo una nchi wanachama 27, na karibu kila uamuzi wake mkubwa ni mapatano baina ya serikali ambazo kila moja inawajibika kwa wapigakura wake nyumbani. Maslahi ya taifa, katika muktadha huu, ni jambo ambalo serikali ya nchi mwanachama inaona haiwezi kulikubali, au haiwezi kulikosa, bila kuumiza uchumi wa nchi, usalama wake, au nafasi ya chama tawala katika uchaguzi ujao. Kipengele hicho cha mwisho mara nyingi huachwa dhana hii inapoelezwa, nami naona ndicho kinachofafanua mengi zaidi.

Maslahi hayo hayaingii kwa mlango wa nyuma. Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja, huandika pendekezo la sheria, kisha pendekezo hilo hupelekwa katika Bunge la Ulaya, ambalo wabunge wake huchaguliwa na wananchi, na katika Baraza la mawaziri, ambamo kila nchi huwakilishwa na waziri wake wa sekta inayohusika. Kabla mawaziri hawajakutana, mabalozi wa nchi zote 27 walioko Brussels huwa wamekwisha kulichambua pendekezo hilo katika kamati yao, na mengi humalizikia hapo bila wananchi kuyasikia. Waziri anapoingia kikaoni ni mtunga sheria wa Ulaya nzima, na papo hapo ni mjumbe wa serikali iliyomtuma. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa mikataba yenyewe iliyounda Umoja ndiyo iliyomkabidhi ngozi na kamba.

Nguvu ya kuvuta hutegemea kanuni ya kura. Katika mambo mengi, yakiwemo soko la pamoja, mazingira na kilimo, hutumika wingi maalumu: pendekezo la Kamisheni hupita likiungwa mkono na angalau asilimia 55 ya nchi wanachama, yaani 15 kati ya 27, ambazo kwa pamoja zina asilimia 65 au zaidi ya watu wote wa Umoja. Ili kulizuia, zinahitajika nchi zisizopungua nne zenye zaidi ya asilimia 35 ya watu. Zaidi ya hayo, nchi inayojizuia kupiga kura haiongezi chochote upande wa ndiyo, kwa hiyo kujizuia kwake kuna uzito uleule wa kukataa.

Hesabu hiyo ilionekana wazi mwezi Machi 2023. Kamisheni ilikuwa imependekeza mwaka 2021 kwamba magari mapya yatakayouzwa kuanzia 2035 yasitoe kabisa hewa ya ukaa, hatua ambayo kwa vitendo ingefunga soko la magari mapya ya petroli na dizeli. Wawakilishi wa Bunge na wa nchi wanachama walikubaliana Oktoba 2022, na Februari 2023 Bunge likaidhinisha. Ilibaki kura ya mawaziri, ambayo kwa desturi katika hatua hiyo ni kugonga muhuri tu. Ghafla Ujerumani ikasema haitaunga mkono. Italia, Poland na Bulgaria zilikuwa tayari na mashaka yao. Ujerumani peke yake ina zaidi ya asilimia 18 ya watu wa Umoja, Italia ina takriban 13 na Poland takriban 8; ukiongeza Bulgaria unapata nchi nne na zaidi ya asilimia 35. Kura ikaahirishwa.

Mtu angedhani kwamba taifa la Ujerumani, lenye viwanda vikubwa vya magari, lilikuwa limegundua hatari kwa uchumi wake. Lakini serikali ya Berlin ilikuwa ya muungano wa vyama vitatu na yenyewe haikuwa na kauli moja. Wizara ya mazingira, iliyokuwa chini ya chama cha Kijani, ilitaka sheria ipite. Aliyeikwamisha ni waziri wa uchukuzi, Volker Wissing, wa chama cha kiliberali cha FDP, aliyetaka injini za kawaida ziruhusiwe zikitumia mafuta ya sintetiki yasiyoongeza hewa ya ukaa. FDP ndicho kilichokuwa chama kidogo zaidi kati ya vile vitatu, na mwezi uliotangulia kilikuwa kimeshindwa kufikia asilimia 5 katika uchaguzi wa jimbo la Berlin na kupoteza viti vyake vyote katika bunge la jimbo hilo. Kamisheni ilipoahidi kutafuta njia ya kisheria kwa magari yatakayotumia mafuta hayo peke yake, Ujerumani ililegeza, na tarehe 28 Machi sheria ikapita, Poland ikipinga na Italia, Bulgaria na Romania zikijizuia. Brussels kuna msemo wa mzaha, "kura ya Kijerumani", maana yake kujizuia kupiga kura kwa sababu vyama vinavyotawala pamoja Berlin vimeshindwa kuelewana. Msemo huo ulikuwapo kabla ya sakata la magari.

Kwa sababu hiyo, serikali yoyote inapotaja maslahi ya taifa, inafaa kuuliza ni nani hasa ndani ya taifa hilo anayesema. Anaweza kuwa mkulima, mwenye kiwanda, chama kinachoporomoka katika kura za maoni, au hata mkoa mmoja. Oktoba 2016 mkataba wa biashara kati ya Umoja wa Ulaya na Kanada ulikwama kwa siku kadhaa kwa sababu bunge la Wallonia, eneo la Ubelgiji lenye watu takriban milioni 3.6, lilikataa kuiruhusu serikali kuu ya Ubelgiji kutia saini.

Mambo hubadilika kabisa pale inapotakiwa kauli moja ya nchi zote, kama katika kodi, sera ya mambo ya nje, kupokea wanachama wapya na bajeti ya miaka mingi. Hapo kila nchi, hata iwe ndogo, ina kura ya turufu. Desturi ya kuitetea ina mizizi mirefu. Katikati ya mwaka 1965 Rais Charles de Gaulle aliwaondoa wawakilishi wa Ufaransa katika vikao vya Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, mtangulizi wa Umoja wa leo, akipinga mpango wa kugharimia sera ya kilimo na pia kukaribia kuanza kwa kura za wingi. Kiti cha Ufaransa kilibaki kitupu hadi Januari 1966, yalipofikiwa Luxembourg maelewano ambayo kiini chake, kwa tafsiri ya Ufaransa, ni kwamba maslahi makubwa ya nchi yakiguswa, majadiliano yaendelee mpaka wote wakubaliane.

Turufu hiyo pia hutumika kama sarafu ya kununulia jambo lisilohusiana na lililoko mezani. Mwaka 2020 Cyprus ilichelewesha vikwazo dhidi ya Belarus, ingawa haikuwa na ugomvi wowote na vikwazo vyenyewe, kwa sababu ilitaka Umoja uwe mkali zaidi kwa Uturuki katika mzozo wa kutafuta gesi baharini. Tarehe 14 Desemba 2023 Waziri Mkuu wa Hungary, Viktor Orbán, alitoka nje ya ukumbi ili wenzake 26 waidhinishe kuanza kwa mazungumzo ya uanachama na Ukraine, kisha usiku huohuo akazuia msaada wa euro bilioni 50 kwa nchi hiyo hadi Februari 2024. Siku moja kabla ya kikao hicho, Kamisheni ilikuwa imefungulia Hungary takriban euro bilioni 10 zilizokuwa zimezuiwa. Kamisheni ilieleza kwamba sababu ilikuwa mageuzi ya mahakama; wabunge wengi wa Ulaya hawakuridhika na maelezo hayo.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kwenda mbali kuona jambo hili, kwa kuwa wakuu wa nchi za Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki nao huamua kwa maafikiano. Mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Jumuiya na Umoja wa Ulaya ulitiwa saini na Kenya na Rwanda tarehe 1 Septemba 2016, lakini Tanzania ilikataa, ikihofia viwanda vyake, na mkataba wa pamoja ukakwama hapo. Hatimaye Kenya ilitia saini mkataba wake yenyewe Desemba 2023, nao ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Kwa kuwa haimo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, bila mkataba maua na mboga zake zingetozwa ushuru zikiingia Ulaya. Tanzania, iliyomo katika kundi hilo, haikuwa na haraka: bidhaa zake zilikuwa zikiingia bila ushuru, mkataba uwepo usiwepo.