Mkoba wa ngozi si pa kuhifadhia kamera

Wenye kamera za filamu hapa Kisumu wengi huamini kwamba kamera ikishafungwa ndani ya mkoba wake wa ngozi na kutiwa kabatini, iko salama. Vumbi halitaingia, ni kweli. Shida ni kuvu.

Ngozi hufyonza unyevu na kuushika. Katika mji ulio kando ya ziwa, tena msimu wa mvua za Machi hadi Mei, unyevu huo hauna pa kutokea. Hewa ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 60 kwa muda mrefu, gizani, kuvu huota juu ya kioo. Fungua tundu la lenzi lote, mulika tochi kutoka nyuma, chungulia kwa mbele. Ukiona nyuzi nyembamba zilizotanda kama utando wa buibui, ndiyo hiyo. Fundi akiiwahi ataisafisha. Ikichelewa, asidi yake hula tabaka jembamba lililopakwa juu ya kioo, na alama hiyo haifutiki hata uianike juani mwezi mzima.

Itoe kamera mkobani, uiweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na silika, zile chembe za kufyonza unyevu. Vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu vingi hufika vimeshachoka. Afadhali ununue silika inayobadilika rangi ili ujue lini ya kuikausha. Mchele badala ya silika? Uachie sufuria, unaacha vumbi na wanga. Na piga picha mara kwa mara: kamera inayotumika hupata hewa na mwanga.