Dereva ukinunua lori lako la kwanza, jihadhari na mkopo wa pili

Madereva wengi wa njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma wanatamani siku moja waache lori la tajiri na kukamata usukani wa lori lao wenyewe. Ni matamanio ya halali. Njia wanaijua, injini wanaitambua kwa mlio, madalali wa mizigo wana namba zao za simu. Kinachowasumbua baada ya kununua ni hesabu za fedha, ambazo zamani zilikuwa juu ya tajiri na wao hawakuwahi kuonyeshwa.

Kazi yangu ni kupitia maombi ya mikopo ya vyombo vya usafiri na baadaye kufuatilia marejesho yake. Ninachokiona ni kwamba mkopo wa kununulia lori, ukipangwa vizuri, mara nyingi hulipika. Unaomwangusha mmiliki mpya ni mkopo wa pili, ule mdogo anaouchukua haraka haraka lori likiwa limeshaanza kazi: wa mafuta, wa tairi, wa kulikomboa gari gereji.

Chanzo chake ni hiki. Benki inadai kwa mwezi, lakini lori linalipwa kwa safari. Kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi, Kongo, ni karibu kilomita 2,000, yaani kwenda na kurudi kama 4,000. Ongeza foleni ya mpakani Tunduma, foleni ya mpakani Kasumbalesa, siku za kusubiri kushusha na siku za kutafuta mzigo wa kurudi. Mteja hukupa advansi ya kuanzia, na salio hulipwa hati ya kupokelea mzigo ikisharudi na muhuri. Wengine hukaa nalo wiki kadhaa zaidi. Wakati huo tarehe ya rejesho imefika, na ada ya shule imefika. Lori liko Zambia na simu ya dereva, ambaye ndiye wewe mwenyewe, haina salio la kutosha hata mafuta ya kurudi.

Hapo ndipo anapojitokeza mkopeshaji wa kausha damu, yaani mkopo wa haraka wenye riba kubwa mno. Tuseme anakupa shilingi milioni 3 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi unamlipa 600,000 na ile milioni 3 bado iko pale pale. Ukomo uliowekwa na Benki Kuu kwa taasisi za huduma ndogo za fedha zenye leseni ni asilimia 3.5 kwa mwezi; kwa mkopo huo huo ni 105,000. Halafu angalia dhamana. Kadi ya lori tayari iko benki, kwa hiyo huyu wa pili anataka hati ya kiwanja au nyumba. Mkopo wa kwanza ukishindikana unapoteza lori. Ule wa milioni 3 unaweza kuwatoa watoto wako kwenye nyumba wanayolala.

Kwa hiyo, ushauri wangu wa kwanza unatangulia siku ya kununua: usiweke akiba yako yote kwenye malipo ya awali. Binafsi nisingemshauri mtu kuchukua lori kabla hajatenga gharama za safari moja nzima, kwenda na kurudi, pamoja na marejesho ya miezi mitatu. Fedha hiyo ndiyo mtaji wa kuendeshea, na ndiyo inayokuwezesha kumsubiri mteja bila kukopa. Kama haitoshi, subiri msimu mwingine ukiendelea kuendesha la tajiri. Najua maneno haya hayapendezi kwa mtu aliyekwishaliona lori analolitaka likiwa limepaki kwa muuzaji.

Pili, uliza riba inahesabiwaje, maana asilimia peke yake haikuambii kitu. Chukua mkopo wa milioni 60 kwa miaka 3, riba asilimia 18 kwa mwaka. Riba ikipigwa juu ya kiasi chote ulichokopa tangu mwanzo hadi mwisho, utalipa riba ya milioni 32.4, na rejesho litakuwa karibu milioni 2.57 kwa mwezi. Ikipigwa juu ya salio linalopungua, riba yote ni kama milioni 18.1 na rejesho ni karibu milioni 2.17. Asilimia ni ile ile 18, lakini tofauti ni zaidi ya milioni 14. Omba jedwali la marejesho lililochapwa, lisome nyumbani na mwenzako, ndipo urudi kusaini. Ofisa anayekuharakisha kusaini siku hiyo hiyo hakutakii mema.

Lori likishaanza kazi, lifungulie akaunti yake. Malipo yote ya mzigo yaingie humo, na wewe ujilipe mshahara na posho kama ulivyokuwa ukilipwa na tajiri, hata mwezi ambao safari imelipa vizuri. Hela inayobaki si faida bado. Kichwa chenye ekseli tatu (mihimili inayobeba magurudumu) pamoja na tela la ekseli tatu vina tairi 22. Tukichukulia tairi moja ni shilingi 600,000, seti nzima ni milioni 13.2. Zikitembea kilomita 80,000, kila kilomita inakula shilingi 165, na safari ya kilomita 4,000 imekula 660,000 za tairi, ingawa hakuna iliyopasuka na hakuna aliyekudai. Asiyeitenga hela hiyo kila safari ataifuata kwa mkopeshaji siku tairi zitakapoisha kwa pamoja. Hesabu kama hiyo ifanye kwa oili, breki, klachi na springi, kwa bei za gereji yako.

Ukishajua kilomita moja inakugharimu kiasi gani, utajua pia mzigo wa kuukataa. Wapo wanaosema heri gari litembee kuliko kulala. Si kweli kama bei ya dalali haifikii mafuta, tairi na rejesho. Kila kilomita unayotembea inakuongezea deni. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, basi usikubali bei ya mzigo ya mwezi ujao kabla hujaiona ya mafuta. Na usikubali kuzidisha uzito ili kufidia bei ndogo. Sheria ya udhibiti wa uzito ya Afrika Mashariki inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari lote, na lori la ekseli sita kama hilo hapo juu haliruhusiwi kufika huko. Kila ekseli nayo ina kikomo chake. Tozo ya kuzidisha uzito kwenye mizani ya Vigwaza inaweza kumeza faida ya safari nzima kabla hujafika Morogoro.

Bima ndogo, ile ya kufidia watu wengine, haitengenezi lori lako, na kadi ya njano ya COMESA unayovuka nayo mpaka inalipa madhara ya watu wengine na matibabu ya waliomo garini, si lori lako. Uliza kama bima yako kubwa, ile inayolihusu na lori lenyewe, inafanya kazi ukiwa Zambia na Kongo, na jibu liwe kwa maandishi. Kodi ya mapato nayo hulipwa kwa awamu nne kwa mwaka kufuatana na makadirio yanayowasilishwa TRA, mamlaka ya mapato. Itenge kwenye akaunti ya lori.

Ukiona rejesho la mwezi huu halitapatikana, nenda kwa aliyekukopesha kabla ya tarehe. Wengi huzima simu, na hilo ndilo linalotufanya tuanze kulitafuta lori. Nenda na mkataba wa mzigo, hati za mizigo iliyokwishapokelewa lakini haijalipwa, taarifa ya akaunti ya lori, na ankara ya gereji kama gari limeharibika. Ukiwa na karatasi hizo, omba marejesho yapangwe upya: pengine riba tu kwa miezi miwili, pengine tarehe isogezwe ifuatane na malipo ya mteja wako. Wanayokubali yaandikwe na yasainiwe, ubaki na nakala.