"Kinga ya kike" ya mishipa ya damu, na kisukari kinavyoikatiza

Kwenye baraza za Ngamiani, Tanga, maradhi yameshagawiwa: presha ni ya kina mama, moyo kukata ghafla ni wa wanaume. Mgawanyo huo una ukweli wake. Mwanamke asiye na kisukari, ambaye bado anaona siku zake, hupata ugonjwa wa moyo kwa nadra kuliko mwanamume wa rika lake. Kwa wastani ugonjwa huo humfikia miaka 10 hivi baadaye. Hali hii ndiyo huitwa kinga ya kike. Neno "kinga" linapotosha kidogo, maana si kama ya chanjo. Mimi ningeiita muhula: deni lipo, ila amepewa muda.

Muhula huo unatoka wapi? Mshipa wa damu si bomba. Bomba halijui kinachopita ndani yake, mshipa unajua. Kwa ndani umetandikwa safu moja tu ya seli, inayoitwa endotheliamu, na safu hiyo huhisi kasi ya damu na kutoa gesi ya nitriki oksidi. Gesi hiyo huilegeza misuli ya mshipa, njia ikapanuka, na huzuia damu isigande ovyo. Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998 kwa kugundua kazi yake. Sasa, estrojeni, homoni ya kike, huichochea endotheliamu itoe gesi hiyo kwa wingi zaidi. Hedhi ikikoma, estrojeni hushuka na muhula huanza kwisha wenyewe.

Kisukari hakisubiri hedhi ikome. Sukari iliyozidi huzalisha kemikali kali zinazoiharibu nitriki oksidi kabla haijafanya kazi. Sukari hiyohiyo hunata kwenye protini za ukuta wa mshipa, ukuta ukakakamaa, mafuta yakapenya na kujikusanya. Haya humpata mwanamume na mwanamke sawia. Tofauti ni kwamba mwanamke alikuwa na akiba kubwa zaidi ya kupoteza.

Hapa ndipo tarakimu huwachanganya wengi. Mwaka 2014 Sanne Peters, Rachel Huxley na Mark Woodward walikusanya pamoja matokeo ya tafiti 64 zenye watu zaidi ya 850,000. Mwanamke mwenye kisukari, akilinganishwa na mwanamke asiye nacho, alikuwa na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo mara 2.82. Kwa mwanamume ilikuwa mara 2.16. Ukisoma haraka utadhani wanawake wenye kisukari huugua moyo kuliko wanaume wenye kisukari. Sivyo. Tuseme, kwa mfano tu, kati ya wanaume 100 wasio na sukari 10 wataugua moyo, na kati ya wanawake 100 wataugua 5. Watie wote kisukari: wanaume wanakuwa kama 22, wanawake 14. Mwanamume bado yuko mbele, lakini mwanamke aliyekuwa nusu yake sasa amefika karibu thuluthi mbili. Kilichopungua ni ule umbali baina yao kwa uwiano, si kwa idadi ya watu.

Ipo sababu nyingine, nayo ni ya mwilini kabisa. Mwanamume hulimbikiza mafuta mapema tumboni na kwenye ini, kwa hiyo sukari humpanda hata kabla hajanenepa sana. Mwanamke huanza kuyaweka nyongani na mapajani, mahali ambapo hayana madhara makubwa. (Pwani tunazisifu nyonga, kumbe sifa hiyo ina hoja ya kitabibu.) Hivyo mpaka kipimo cha asubuhi kabla ya kula kifike 7.0 (mmol/L), ambapo ndipo huitwa kisukari, huwa ameongeza uzito mwingi zaidi kuliko mwanamume, na presha na mafuta ya damu huenda vimeshamharibu kwa miaka.

Kisha kuna dalili. Maumivu ya kifua ndiyo dalili kuu kwa wote, ila kwa mwanamke shambulio la moyo mara nyingi huja pia na uchovu mzito, kichefuchefu, pumzi kukata, maumivu ya mgongo au taya. Kisukari nacho huitia ganzi mishipa ya fahamu, na maumivu yenyewe yakafifia. Mama anayechoma vitumbua Makorora tangu alfajiri atasema ni gesi, au ni moshi wa jiko.

Wanaume wana mzigo wao: vidonda vya miguu na kukatwa viungo huwapata zaidi. Hata nguvu za kiume zikipungua huwa ni habari ya mishipa. Ile ya uume ni myembamba, huziba mapema, pengine miaka kadhaa kabla ya moyo kulalamika. Wengi hukimbilia mizizi.

Kwa wanawake ishara ya mapema kuliko zote ni kisukari cha mimba. Mara nyingi sukari hushuka baada ya kujifungua na jambo likasahauliwa, ilhali uwezekano wa kupata kisukari cha kudumu baadaye umeshaongezeka mara nyingi. Hushauriwa kupima tena wiki 6 hadi 12 baada ya uzazi, kisha kila mwaka mmoja hadi mitatu. Wiki hizo za mwanzo, kadi inayopelekwa kliniki huwa ni ya mtoto.