Chokaa ndiyo inayotia wekundu

Mimi ni daktari wa meno, na nimekulia Mombasa, kwenye nyumba ambayo kijaluba cha bibi hakikosi popoo, ile kokwa ngumu ya kutafuna. Ndiyo maana utafunaji wa tambuu, lile jani linalopakwa chokaa na kukunjiwa popoo, kama ufanywavyo Vietnam, hauniwii mgeni. Wengi huulizia jani na popoo. Mimi nitazungumzia chokaa.

Wavietnam wanasimulia kwamba ndugu wawili, Tân na Lang, walipendana mno. Kaka alipooa, mdogo akajiona ametengwa, akaenda zake, akafia kando ya mto akageuka jiwe la chokaa. Kaka akamfuata, akafia papo hapo, akawa mpopoo. Mke akaja kumtafuta mumewe, akawa mtambuu uliojizonga kwenye ule mti. Baadaye mfalme akatafuna popoo kwa jani lile, akatema juu ya jiwe: mate yakawa mekundu kama damu. Hadi leo sinia ya posa huko haikosi popoo na tambuu, hata kwa vijana wasiotafuna kamwe.

Hadithi hii inakubaliana na kemia. Tafuna popoo kwa jani tupu, hutapata wekundu ule. Paka chokaa kidogo kwenye jani, weka kipande cha popoo, kunja, tafuna: chokaa huzigeuza tanini za popoo, yaani kemikali zake zenye ukakasi, kuwa nyekundu. Pia huifanya arekolini, kichangamshi kilichomo ndani ya popoo, ipenye upesi kwenye ngozi laini ya shavu. Hapo mwili hupata joto na jasho hutoka.

Meno meusi ya bibi wazee wa Vietnam hudhaniwa kuwa ni kazi ya tambuu. Sivyo. Waliyatia rangi kwa makusudi, kwa ulimbo wa wadudu, kwa ajili ya urembo.

Linaloniuma ni imani kwamba ubaya uko peke yake kwenye tumbaku, ambayo wengine huichanganya na tambuu. Mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilitangaza kwamba popoo yenyewe husababisha saratani, hata isipochanganywa na tumbaku. Kabla ya saratani kutokea, mara nyingi shavu hukakamaa kwa ndani. Kama unatafuna, panga vidole vyako vitatu wima uviingize kati ya meno ya mbele. Vikigoma kuingia, au chakula chenye pilipili kikikuchoma kuliko zamani, nenda kaonwe wiki hii. Ukakamavu ule haulainiki tena kwa kuacha tu.