Kima wa Gede: wa kutazamwa, si wa kulishwa

Ukitoka Malindi, pwani ya Kenya, kwenda magofu ya Gede, yapata kilomita 16 kwa matatu, mara nyingi watakaokupokea ni kima. Wamezoea watu kupita kiasi, na taabu yote huanzia hapo.

Kwanza tusiwachanganye. Nyani ni yule mkubwa mwenye pua ndefu kama ya mbwa, apendaye kutembea chini. Tumbili ana uso mweusi na manyoya ya kijivu yenye umanjano. Kima ana mikono myeusi, mkia mrefu kuliko kiwiliwili, na shingoni amezungukwa na weupe kama aliyevaa kola. Kundi lake huwa na dume mmoja mzima, majike kadhaa na watoto. Jike hubaki katika kundi alilozaliwa. Dume akipevuka huondoka.

Mkoba wako uandae kabla hujapanda gari. Chakula kiache nyumbani, hata ndizi moja. Maji yatie katika chupa ya chuma, kwani tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja ni marufuku katika mbuga na misitu ya hifadhi. Zipu zote zifungwe. Karatasi ya biskuti ikichakarika, kima aliye juu ya ukuta ameshajua. Miwani na simu visining'inie.

Akishanyakua, usimfukuze. Kima ana vifuko ndani ya mashavu. Hujaza humo upesi, akapanda juu, akatafuna kwa raha zake. Utakachopata kwa kumkimbilia ni meno.

Wengi huniambia kipande kimoja cha mkate hakidhuru. Kinadhuru. Mji wa kale wa Gede ni takriban ekari 45 tu, na nje ya msitu wake kuna mashamba ya watu. Kima aliyefundishwa kuwa mkono wa binadamu una chakula hataona tofauti kati ya mkoba wako na mahindi ya mkulima, na mkulima ana haki ya kuchukia. Isitoshe, kima alaye matunda ya mwituni hubeba mbegu na kuzitawanya. Akishiba chipsi, kazi hiyo inalala. Na mafua yetu huweza kumwambukiza, kwa hiyo ukiwa unakohoa, kaa mbali zaidi.

Akikukazia macho, akatikisa kichwa au akapiga mwayo wa kuonyesha meno, anakuonya. Usimchekee kwa meno wazi, maana kwake huo ni ugomvi. Tazama pembeni, fungua viganja aone ni vitupu, rudi nyuma taratibu. Usikimbie. Mtoto mdogo mshike mkono, na kamwe usisimame kati ya jike na kitoto chake. Kosa hili ndilo naliogopa kuliko yote, kwa sababu mpiga picha huwa halioni.

Ukiumwa au ukikwaruzwa hadi damu itoke, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Usipake majivu wala mafuta. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, useme wazi kuwa ni mnyama wa mwituni, ili wapime haja ya chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Kichaa hakina tiba dalili zikishaanza.

Kwa maoni yangu, baada ya Gede vuka barabara kuu uingie Arabuko-Sokoke. Ni kama kilomita 420 za mraba za msitu wa pwani: kuna sehemu ya miti iitwayo mirihi, sehemu ya vichaka vizito, na sehemu ya miti mchanganyiko. Kima wa huko hawajui mkate, na ndiyo sababu ni vigumu kuwaona. Chukua mwongozaji, kwani msitu una ndovu. Ingia alfajiri, vaa nguo za rangi iliyofifia na viatu vilivyofunika kidole, tembea hatua chache kisha simama. Ukisikia chakachaka kwenye majani makavu, angalia chini kwanza: huenda ni sange, kanyama kadogo ka pua ndefu, mwenye kiuno cha dhahabu. Yakianza kukudondokea matunda yaliyotafunwa nusu, uko chini ya kundi. Keti hapo hapo, uzime simu.