Je, wajua kwa nini watoto wengine huenda kupasuliwa wakiendesha gari?

Katika hospitali ya watoto ya Rady, San Diego, Marekani, mtoto anaweza kuelekea chumba cha upasuaji akiwa ameshika usukani wa kigari cha betri. Si mbwembwe tu.

Mtoto wa miaka miwili au mitatu haogopi kisu, maana hakijui. Anachoogopa ni kuachanishwa na mama, kubebwa na watu waliofunika nyuso, kisha kubandikwa puani barakoa ya dawa ya usingizi yenye harufu ngeni. Kigari kinambadilishia mambo: habebwi, anaondoka mwenyewe, na honi anapiga.

Daktari wa usingizi ana sababu ya kujali. Mtoto aliyeingia na hofu kubwa ni rahisi zaidi kuamka akiweweseka na kurusha mateke, na akirudi nyumbani anaweza kukojoa kitandani au kushtuka usiku kwa siku kadhaa. Ipo dawa ya kumtuliza, midazolamu, anayonyweshwa kama nusu saa kabla, ila wengine huchelewa kuzinduka. Ndiyo maana hospitali hujaribu pia katuni kwenye simu, au wachekeshaji wenye pua nyekundu.

Hapa kwetu kigari si lazima. Kazi kubwa hufanyika nyumbani, na huko ndiko tunakoharibu: “Ukilia, daktari atakuchoma sindano!” Mtoto aliyelelewa na tishio hilo utamwambiaje leo kwamba daktari ni rafiki? Kumdanganya kwamba mnakwenda kwa shangazi ni kubaya zaidi.

Mwambie ukweli, ila kwa wakati wake. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba watoto wa miaka sita na zaidi hufaidika wakielezwa siku tano au zaidi kabla. Wakiambiwa siku moja tu kabla, hawanufaiki sana. Mdogo zaidi aambiwe karibu na siku yenyewe. Mwache amvalishe mwanasesere barakoa, amlaze, amwamshe. Usiahidi kwamba hakutauma. Sema atalala nusukaputi, hatasikia wakimpasua, na akiamka pakiuma atapewa dawa.

Tena mtoto husoma uso wa mzazi. Hospitali ikiruhusu mmoja kuingia naye mpaka asinzie, aende asiyetetemeka, hata kama ni shangazi na mama anabaki nje.